Maharage Yaliyolala Kitandani

Siku hizi wajukuu zangu wananionyesha kwenye simu zao mapishi ya haraka kwa watu wenye shughuli nyingi, kama vile shughuli zilianza walipozaliwa wao. Nawatazama tu. Mimi nimepika maharage bila moto, bila kuwepo nyumbani, tena kitandani kwangu, na karibu yanigharimu kazi.

Ilikuwa miaka ile ya kujenga taifa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mume wangu karani wa reli hapo Tabora. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Isevya, kwenye nyumba ya mama mmoja Mwislamu mzaliwa wa mji, aliyekaa barazani kutwa akiuza vitumbua na kuhukumu wapita njia. Asubuhi nilifundisha watoto. Mchana, watoto wakishatoka, madawati yaleyale madogo waliyakalia mama zao, nikawafundisha kusoma na kuandika. Kufuta ujinga, ndivyo tulivyosema. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote ukiondoa mume wangu, na kuna siku hata yeye niliwahi kumpima nayo nikaona wanakaribiana.

Tabu ilikuwa chakula. Narudi jua linaelekea kuzama, mume naye anarudi na njaa ya stesheni nzima, na maharage, kama unavyoyajua, hayana huruma na mtu. Yanataka nusu ya siku na nusu gunia la mkaa. Ugali si shida, maji yakichemka ni kusonga tu. Mchicha na karanga navyo unageuza mara mbili umeshaepua. Lakini huwezi kumlisha mwanamume wa Kinyamwezi mchicha kila siku ukategemea akusifu kwao.

Ndipo nikakumbuka somo la maarifa ya nyumbani kule chuoni. Mwalimu wetu alituonyesha jinsi ya kuchemsha chakula kidogo, kisha kukifungia kwenye sanduku lililojazwa majani makavu, kikamalizia kuiva chenyewe kwa joto lake. Sanduku sikuwa nalo. Kitanda nilikuwa nacho. Nikawa naloweka maharage usiku, alfajiri nayachemsha wakati chai inaandaliwa, natia kitunguu na chumvi, nafunika sufuria kwa nguvu na kuizungushia kanga mbili. Juu ya kanga blanketi, juu ya blanketi koti zito la reli alilopewa mume wangu kwa zamu za usiku. Kisha nailaza katikati ya kitanda na kuifunika shuka. Jioni nikifunua, maharage yameiva hadi yanapasuka, na bado ya moto kiasi cha kuunguza ulimi.

Mume wangu aliiita sufuria ile mgonjwa. Akitoka kazini alichungulia chumbani na kuniuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Nami nilimjibu, "Joto bado liko juu." Tulikuwa vijana, tulicheka kila siku kama jambo jipya.

Kumbe huko Lusu, upande wa Nzega, kwao mume wangu, hawakucheka. Habari zilikuwa zimefika kwamba mke wa mtoto wao anashinda shuleni mpaka jioni na jiko lake lina baridi kutwa. Wazee wakakaa. Mama mkwe akatumwa.

Aliteremka kwenye basi la Nzega na kuku mmoja, kikapu cha matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, na uso usio na mzaha. Nilipiga magoti nikampokea. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi sijaja kutembea. Wazee wanataka kujua mwanetu anakula nini. Nikiona anakula, utaendelea na kazi yako. Nikiona hali, kazi utaacha, utakaa nyumbani kama wenzako. Nisingependa kukuficha."

Hakunificha kweli. Usiku huo nilimwambia mume wangu tumweleze siri ya sufuria. Aliinuka kitandani kama aliyeumwa na siafu. "Umwambie mama yangu kwamba chakula anacholishwa kinalala mchana pale tunapolala sisi usiku? Kesho asubuhi atakuwa kwenye basi, na keshokutwa wewe huna kazi."

Alisema kweli. Kwa mama yule, kitanda cha mtoto aliyeoa ni jambo zito. Mzazi hakitazami, hakigusi, wala havuki kizingiti cha chumba kilimo. Na hapo ndipo tulipokuwa na bahati yetu: chumba chetu kilikuwa mahali pekee katika nyumba nzima ambapo mama mkwe asingekanyaga.

Basi akaanza kulinda. Alitandika mkeka kando ya jiko akakaa nalo kutwa, analitazama, lenyewe linamtazama. Jiko baridi, majivu ya asubuhi. Jioni nikarudi, nikamsalimu, nikaingia chumbani, nikatoka na sufuria inafuka moshi. Nikasonga ugali, nikatenga. Mama akala. Alikula vizuri tu, lakini kila tonge alilotia mdomoni macho yake yalikuwa kwenye pazia la mlango wetu.

Kesho yake akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, huko chumbani kuna jiko?"

"Hakuna, mama."

"Kuna mtu?"

"Hakuna mtu, mama."

Usiku nilimsikia akisali rozari ndefu kuliko kawaida, na mara mbili nilisikia jina la mwanawe likitajwa kwa msisitizo.

Jumamosi ndiyo siku mambo yalipoharibika. Mume wangu alikwenda kujitolea na wenzake, wakichimba msingi wa darasa jipya, na makarani, bila kuwadharau, si watu wa sururu. Alirudi mchana hoi, amejaa vumbi, anatafuta pa kujitupa tu. Akamsahau kabisa mgonjwa wetu kitandani. Alijitupa.

Mimi nilikuwa nakaribia nyumba nikitoka kwa wanafunzi wangu watu wazima, nikasikia ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa karani wa serikali. Nilikimbia. Nikamkuta mama mkwe amesimama mbele ya pazia, mikono kichwani, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, mila inamvuta huku na uchungu wa mama unamvuta kule.

"Baba! Baba, kuna nini humo?"

"Hamna kitu, mama!" sauti ikatoka ndani, nyembamba sana.

Niliingia. Kitanda kilikuwa ziwa la maharage. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye kona, suruali mkononi, paja limeiva jekundu, anajipepea kwa daftari langu la mahudhurio. Nilitaka kucheka, nikamwona alivyo, nikatamani kulia, mwishowe nikafanya vyote viwili huku nimeuma kanga nisisikike nje. Nikampaka asali kwenye paja, maana Tabora nyumba hukosa sukari lakini asali haikosi. Kisha tukazoa maharage kwa sahani, tukalisugua godoro kwa sabuni na ndoo nzima ya maji, hadi hakuna punje iliyobaki.

Sasa tukawa na godoro la pamba lililolowa katikati, zito kama mtu mzima. Likibaki ndani lingeoza. Lazima litoke, lipite mbele ya mama, lianikwe uani mchana kweupe.

Tulilitoa mimi nikishika mbele na yeye nyuma akichechemea. Tukaliegemeza ukutani. Doa lilikuwa kubwa, la duara, mahali pale hasa usipotaka doa liwe. Mama mkwe aliliona mara moja akageuza uso haraka, akajifunika kanga. Mwenye nyumba yeye hakugeuza chochote. Aliacha vitumbua vyake akaja hadi pale.

"Heee! Mwalimu, godoro limepatwa na nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu mawili tu. La kweli lingeniondoa kazini, na la uongo sikuwa nalo bado. Nilimwona mama mkwe amesimamisha pumzi ndani ya kanga yake akisubiri.

Mume wangu akakohoa. Alikuwa mtu wa kujiheshimu mno yule, mtu wa kupiga pasi hata soksi.

"Ni mimi," akasema. "Nililala kidogo mchana. Nimekojoa."

Hata kuku aliyetoka Lusu alinyamaza. Mwenye nyumba akasema "Maskini," akarudi barazani polepole, na mimi nikamtazama mume wangu. Nilimpenda siku ile kupita siku ya harusi.

Jioni hatukuwa na mboga. Nikachemsha matobolwa yaliyokuja na mama, nikayaponda na karanga za kutwanga, yakawa tayari kabla maji ya kunawa hayajapoa. Tukala, mume wangu akila amesimama kwa sababu ya paja, na mama akadhani ni aibu.

Baada ya kula akanifuata jikoni. Akakaa karibu yangu kuliko siku zote.

"Mwanangu, kumbe ndiyo hii siri ya huko chumbani."

Nikaendelea kuosha sahani. Akachukulia nimekubali.

"Yule alianza utotoni. Alikojoa mpaka amekwenda shule. Kila asubuhi nilianika mkeka wake nyuma ya ghala. Wanawake wa pale wana macho, wakaniuliza, huo mkeka wa nani? Nikawaambia wangu mimi. Nilikuwa na mimba ya mdogo wake, nani angenicheka? Na mimba ilipokwisha nikaendelea kusema wangu tu. Walinicheka hadi kisimani. Lakini yeye hawakumcheka." Akanishika mkono. "Nikadhani ameacha. Na wewe umekaa naye, humwambii mtu, mchana unafundisha, jioni unafua. Mwanamke mwingine angekuwa amesharudi kwao."

"Na kazi, mama?" nikauliza.

"Kazi?" Alinitazama kama niliyeuliza upuuzi. "Mashuka ya kila siku hayo, kwa mshahara mmoja sabuni utaitoa wapi? Kazi fanya, mwanangu. Nitawaambia wazee mwanetu anakula vizuri, na asiwepo wa kuniuliza zaidi."

Ndivyo kazi yangu ilivyopona, kwa sababu ya sabuni. Nilifundisha hadi nikastaafu. Na kila mtu aliyekuja mjini kutoka Lusu alituletea kifurushi kutoka kwa mama: mizizi ya kuchemsha na kumnywesha mwanawe kabla ya kulala. Mume wangu aliinywa mbele ya wajumbe hao, chungu kama nini, bila kukunja uso.

Mwenye nyumba alinikamata kesho yake mama alipokwenda kanisani. "Mwalimu," akaninong'oneza, "tangu lini mkojo ukanuka vitunguu?" Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika nguzo. Habari ya godoro hakumwambia mtu, ila alidai nimfundishe upishi ule yeye na jirani zake, na nadhani mwezi ule vitanda vya Isevya vililaza maharage mengi kuliko watu.

Usiku uleule wa Jumamosi nilimsimulia mume wangu habari ya mkeka nyuma ya ghala. Alikuwa hajui. Kumbukumbu yake ni kwamba aliacha mapema, na kwamba wenzake hawakuwahi kumtania. Alilala chali kwenye jamvi, macho darini. Niliuliza kama tumweleze mama ukweli siku moja. Akasema, "Mwache aendelee kunitibu."

Miaka ikaenda. Tukajenga nyumba yetu mtaa wa Ipuli, watoto wakakua, mvi zikaingia. Mama alipozeeka akaja kuishi nasi, na miguu ikawa haimtii, na baada ya miguu na vingine. Asubuhi moja ya Jumapili hakutoka chumbani. Uani walikuwa wamejaa wenzetu wa jumuiya waliokuja kusali nyumbani kwetu, na chumba chake mlango wake unafungukia uani hapohapo. Nikamgongea, akasema kwa sauti ya chini haumwi, nimwache tu. Niliposogeza pazia nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga ameikusanya mapajani, anatazama sakafu. Nikaelewa. Kabla sijajua la kufanya, mume wangu akanipita akaingia. Akajitwika godoro kichwani, akatoka nalo katikati ya watu wote, akaliegemeza ukutani juani, doa likiwa mbele.

"Jamani msinicheke," akasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani. "Nililala huku kumwangalia mama. Ni mimi. Ugonjwa wangu wa zamani."

Watu walicheka, wangefanyaje? Mzee mzima, mwenyekiti wa jumuiya. Muda kidogo pazia likasogea, mama akatoka na fimbo yake, amebadili nguo, shingo imenyooka. Akasalimia kila mtu. Akafika aliposimama mwanawe, akalitazama godoro, akanigeukia.

"Mwalimu, pole," akasema. "Mtu na mvi zake, bado tu hajapona."

Kicheko kikarudi upya. Yeye akakaa mkekani, akamvuta mwanawe akae kando yake, akashika upindo wa shati lake. Tukasali, tukala maharage, wageni wakaaga, na mkono wake ukaliachia shati lile pale tu godoro lilipokauka.