Binti Yangu Alipotimiza Kumi na Minane

Kwetu sote tulizaliwa Januari mosi. Mimi, dada yangu mkubwa, marehemu mume wangu, hata mama mkwe. Mtu aliyezaliwa porini nyuma ya mifugo, karani alimtazama usoni, akakisia mwaka, akaandika tarehe moja mwezi wa kwanza, basi. Binti yangu peke yake ndiye mwenye tarehe yake mwenyewe. Alizaliwa hospitalini hapa Garissa, mwezi wa tano, mvua ikinyesha, na muuguzi akaandika mpaka saa na dakika. Ndiyo maana alipokaribia kutimiza miaka kumi na minane alijiona malkia, akatangaza kwamba atasherehekea siku tatu nzima.

Ratiba aliipanga mwenyewe. Jumamosi ya marafiki, Jumapili ya jamaa, na Jumatatu asubuhi mimi na yeye twende ofisi ya vitambulisho akachukuliwe alama za vidole, kisha turudi tule chakula cha mchana cha kufunga sherehe. Hicho kitambulisho ndicho kilichokuwa sherehe yenyewe. Alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi Nairobi, na bila kitambulisho hapokewi chuoni. Hata kufika huko hafiki, maana kwenye kizuizi cha darajani abiria wa basi hushushwa wote na kila mtu huonyesha chake.

Nilimwambia sawa, mama, tutakwenda. Mwongo mkubwa mimi.

Alipokuwa na miaka mitano ukame ulitukuta tukiwa upande wa Liboi. Mbuzi waliisha wote. Baba yake alikuwa amekwenda na ngamia wachache waliobaki hadi Hadado, na hatukuwa na habari zake. Mtoto alikuwa amevimba tumbo, nywele zimegeuka nyekundu, hata kulia hawezi. Kwenye kambi ya wakimbizi kulikuwa na unga, mafuta na dengu, lakini chakula kile ni cha mkimbizi, si cha Mkenya. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa amevuka mpaka siku chache kabla, na binti yake wa umri uleule alikuwa amemfia njiani. Alimwona mtoto wangu, akaniambia nimpe aende naye kuandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole kwa jina la yule marehemu. Nikampa. Nilimfundisha mwanangu amwite yule mama hooyo, kama anavyoniita mimi, mbele ya makarani. Akashika somo upesi. Chakula kile kilimponya, na sitasema vinginevyo hata mnikalie kooni.

Mvua iliponyesha nikamchukua mwanangu kwa yule mama, tukarudi Garissa, nikaanza kuuza nguo sokoni, nikajitia hamnazo. Nilisikia habari za vijana wa mtaani walionyimwa vitambulisho kwa sababu mashine iliwatambua kuwa wakimbizi. Kila nikisikia, nilibadilisha mazungumzo. Nikajifariji kwamba mashine nazo huharibika, au vidole vya mtoto hubadilika akikua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu ya kumwambia, na kila siku nikaiona si siku nzuri.

Jumamosi wenzake wa shule walijaa uani na keki yenye rangi kama ya dawa ya kikohozi. Walipiga picha, walicheka, kisha wakammwagia maji kwa mtindo wao wa siku hizi, mitungi miwili mizima ya maji niliyoletewa na punda. Nilifoka kweli. Niliwaita wendawazimu, nikawauliza kama wamewahi kuchota maji mtoni wao. Binti yangu alisimama pale amelowa chapachapa, buibui limemganda mwilini, akaniangalia bila kuelewa hasira yote ile ya nini. Niliingia ndani nikakaa kitandani, nikatamani angekuwa bado mdogo.

Jumapili dada yangu akaja kutoka Balambala na mbuzi, maziwa ya ngamia, na kopo la nyirinyiri, vipande vya nyama kavu vilivyozama kwenye samli. Hakuacha mzaha. Alimwambia msichana kwamba watu wazima huhesabu miaka kwa mvua na ukame, na kwamba keki ni chakula cha watu wasio na meno. Walicheka pamoja. Jamaa walikula wakashiba, wakamwombea dua ndefu, afike Nairobi salama, arudi akiwa muuguzi, atuchome sindano sote. Kila waliposema amina nilisema nami.

Tulipokuwa tunaosha masufuria dada aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Umemwambia?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwambie leo, abaayo, mdogo wangu. Asilisikie kwa mtu mwingine."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye hana mtoto aliyeitwa chuo, hajui uchungu wake, asinifundishe. Dada yangu alizika watoto wawili mwaka uleule wa ukame, na nilijua ninasema nini, na nikakisema. Aliendelea kusugua sufuria lile lile lililokwisha kutakata. Hakuniuliza tena.

Jumatatu binti yangu aliamka kabla yangu, akapiga pasi shela mpya, akapanga cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu na nakala ya kitambulisho changu ndani ya bahasha. Njiani aliongea tu. Atapanga chumba na wasichana gani, atakula nini, atanipigia simu kila Ijumaa. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie turudi nyumbani tukae kwanza. Mara tatu nikamuuliza kitu kingine. Mara ya mwisho nilimuuliza kama amekunywa chai.

Karani alikuwa kijana mpole, hakuwa na ubaya wowote. Alimshika vidole kimoja kimoja, akatazama kompyuta yake, akarudia vidole, akatazama tena. Kisha akamuuliza huyu mama uliyekuja naye ni nani wako. Binti yangu akacheka, akasema ni mama yangu, hatufanani?

"Hapa umeandikwa mama mwingine," karani akasema.

Alituonyesha. Jina si lake. Mama si mimi. Nchi si hii. Hata tarehe si yake, walimwandika Januari mosi kama sisi wengine. Na picha ya mtoto mwenye nywele nyekundu, macho makubwa, ambaye hakuna anayeweza kusema si yeye. Karani alieleza kwamba jina lake itabidi lipelekwe Nairobi liondolewe kwenye orodha ya wakimbizi. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema kuna waliongoja miaka, na wengine bado wanangoja. Chuo kinafunguliwa mwezi ujao.

Binti yangu alirudisha karatasi zake ndani ya bahasha kwa mpangilio uleule, akamshukuru karani, tukatoka.

Nilimweleza njiani, jua likituwakia kichwani. Sikuficha kitu, nilimpa yote, hata jina la yule mtoto aliyefia njiani. Nilitaka anitukane. Nilitaka alie hapo barabarani watu watushangae, mradi afanye kitu nitakachokiweza. Alitembea tu, hatua zake za kawaida, bahasha kifuani.

Karibu na lango letu tulisikia dada yangu akicheka na wageni uani, na harufu ya wali imejaa njia nzima. Akasimama.

"Hooyo, siku ile nililia?"

Nilitaka kumwambia kwamba alilia, alikataa, alishikwa kwa nguvu. Labda ingemsaidia. Lakini uongo wangu ulikuwa umekwisha.

"Hukulia," nikamwambia. "Walikubonyeza vidole vya mkono mmoja, ukanyoosha na wa pili mwenyewe kabla hujaambiwa. Nilikuwa nimekuahidi utapewa uji."

Akauliza kama kweli alipewa. Nikamwambia alipewa, akanywa wote, akaomba mwingine.

Akaitikia kwa kichwa, akasukuma lango. Wageni walipomwona na bahasha mkononi wakasimama wote, wakapiga vigelegele.