Vidonge vya Kutu na Jicho Langu la Kushoto

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Singida Mjini, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye chumba kinachotazama barabara akakigeuza duka. Kisukari nilikuwa nacho tayari. Nilikizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi: nilimeza vidonge vya hospitali, nikaacha chai ya sukari, nikaendelea na kazi. Sikutaka kuhurumiwa.

Halafu nikaanza kuona masizi. Vidoa vyeusi vilielea mbele ya karatasi; nikivitazama, vinahama. Barua nilizopiga zikawa zinarudi mezani kwangu zimezungushiwa wino mwekundu.

Kijana mmoja mwenye tai alikuwa amefungua duka la dawa karibu na stendi. Siwezi kusema hakujua kitu. Alinieleza kwamba sukari ikizidi mwilini, oksijeni tunayovuta huzaa chembe kali, na hizo hula mishipa midogo ya jicho kama kutu inavyokula bati. Vidonge vyake, alisema, vilikuwa na vitamini za kuzizima. Pale hospitali nilikuwa nimezoea kugombezwa tu. Hakuna aliyewahi kunieleza ugonjwa wangu kwa adabu namna ile. Nikamwamini. Aliponiambia dawa za hospitali zinachosha figo, bora niziache, nikaziacha.

Mwezi wa tatu tangu niziache, asubuhi, nikiwa katikati ya barua ya kuomba mafuta ya gari, jicho la kushoto likajaa wekundu, kisha giza, kama mtu amemwaga wino kwenye bilauri ya maji. Nilimaliza ile barua kwanza. Nikaitoa kwenye mashine, nikaisoma kwa jicho moja, ndipo nikaomba ruhusa.

Nilipewa rufaa kwenda mkoa mwingine, kwenye mashine ya mionzi. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa rika langu. Nilimwekea mezani chupa ya vidonge vya yule kijana, nikitegemea kusemwa. Akayasoma maandishi yake yote, mbele na nyuma.

"Alichokwambia kuhusu kutu ni kweli, mama," alisema. "Hutokea ndani ya jicho. Kama kidonge kinaweza kuizuia, hilo bado hatuna uhakika nalo, watu wanachunguza. Lakini ukiiacha sukari juu, unapepea moshi na moto bado unawaka."

Nikamuuliza ingekuwaje kama nisingeacha dawa zangu. Hakunidanganya. Alisema hakuna awezaye kuapa, ila jicho lingekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. La kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia alilichoma kwa mionzi mara mbili ili kuziba mishipa inayovuja, nami nikiwa nimeshikilia kiti kwa mikono yote.

Niliporudi, nilishuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja kwa yule kijana. Dukani mlikuwa na wateja, na mzee mmoja kutoka Issuna alikuwa ameshika chupa kama yangu.

Kijana akaniamkia vizuri, kisha akawaambia wale watu kwamba mimi ndiye yule mama wa ofisini ambaye habari zake alikuwa amewasimulia, yule aliyepona macho.

"Marahaba," nikamwitikia. "Sasa wasimulie na hili. Jicho la kushoto limekufa. Sikulaumu kwa vidonge vyako. Nakulaumu kwa kuniambia niache vya hospitali."

Nikamwamkia yule mzee, nikamuuliza kama naye ameacha dawa zake. Akasema ni wiki ya pili. Nikamwomba azimeze siku hiyohiyo. Akairudisha chupa juu ya kaunta polepole, akatoka. Kijana akalalamika kwamba namharibia biashara. Nikamjibu kwamba hilo ndilo lililonileta.

Ofisini nako mkuu wangu, mtu mpole, aliniita. Alisema orodha ya kupunguza wafanyakazi inakuja, na kwa hali yangu ingekuwa heshima zaidi nikiomba mwenyewe kupumzika. Nikamwomba aje mezani kwangu na gazeti. Nilijifunga kitenge macho yote mawili, nikamwambia asome kwa kasi anayoitaka. Akasoma ukurasa mzima, nami nikapiga. Alipokagua karatasi alipata kosa moja, nalo lilikuwa jina la mji alilolitamka vibaya yeye mwenyewe. Hakuitaja tena habari ya heshima.

Orodha ilipofika, nilikuwemo, pamoja na wenzangu wenye macho mawili mazima. Hilo nililipokea, maana nilipunguzwa kama mtumishi, si kama kipofu. Nikanunua taipureta kuukuu, nikaweka meza barazani karibu na mahakama, nikawa napigia watu maombi na mikataba yao ya viwanja. Kila baada ya miezi michache napanda basi kwenda kupimwa, na dawa zangu sijaziacha tena hata siku moja.

Wapo wanaonishauri nilipumzishe jicho lililobaki. Nawaambia sikulipigania ili likapumzike.