Pweza Niliyempiga Uani

Msinitafutie udhuru, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyevunja mwiko wa mwamba wetu, na aliyetukanwa ni wifi yangu!

Nipo kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa. Wanawake huku tunachokoa pweza maji yakipwa, na kila mmoja ana mashimo aliyorithi kwa mama au bibi. Tulikubaliana kuufunga mwamba mmoja miezi mitatu pweza wakue, kisha tuvue pamoja, na fungu la kijiji liezeke chumba cha kujifungulia pale zahanati. Wifi ndiye aliyetushawishi, akachaguliwa kuulinda. Mimi na yeye tunakaa ua mmoja.

Basi wakwe wa binti yangu wakaja ghafla kutoka Lindi. Mkwe umlishe dagaa? Nikaona haya. Moyoni nikajipa ruhusa: shimo lile la mwamba uliofungwa kanionyesha bibi, ni langu, mmoja tu atapunguza nini? Ujinga gani ule!

Pweza niliyemkuta shimoni alikuwa jike. Mayai yananing'inia kama punje za mchele, naye kayakumbatia hataki kutoka. Nikamvuta hivyo hivyo.

Pweza lazima apigwe ndipo alegee. Nikampiga uani, pa! pa! pa! Kijiji kizima kinaujua mlio huo, na siku zile kwingine karibu pweza walikuwa hawapatikani. Majirani wakaambizana, "Kumbe mlinzi mwenyewe anakula! Sie tunangoja nini?" Bamvua lililofuata, maji yalipokupwa sana, wakaingia mwambani kwa kuibia, mmoja baada ya mwingine.

Wifi aliporudi shamba siku ile, aliwakuta wakwe wanaramba vidole. Akaniuliza, "Wifi, huyu katoka wapi?" Nikamjibu, nimemnunua Kivinje. Akaingia ndani.

Siku ya kufungua mwamba tuliambulia vipweza vya kiganja. Mnunuzi tuliyemwita akaondoka na barafu yake bila kununua. Mkutanoni watu wakamgeukia wifi. "Ulitufungia ili ule peke yako!" Mama mmoja alimtemea mate, jamani!

Wifi akanitazama. Alijua. Alikuwa ananingoja niseme. Nikavuta mtandio usoni, nikanyamaza. Naye hakunitaja!

Alihamia Kilangala, analima ufuta. Mwamba hauna mlinzi wala mwenyewe, tunachokoa hata vitoto. Chumba cha kujifungulia kimebaki kuta tupu, mbuzi wanalala humo.

Juzi juzi nikashindwa kuvumilia, nikamfuata. Nikapiga magoti mlangoni kwake, nikalia mpaka sauti ikakauka. Akaninyanyua, akaniandalia chakula. Nilipomaliza kula akasema taratibu, "Nimekusamehe, wifi yangu. Lakini mimi nilikungoja kule mkutanoni."

Wenzangu mliofunga mwamba au msitu wenu, msijidanganye kwamba mmoja hapunguzi kitu. Na ukishakosa, simama useme palepale mbele za watu, mwenzio angali anakutazama. Mimi nimesamehewa, na bado nasikia ule mlio kila nikiingia uani.