Rauta Iliyovaa

“Huyo fundi wako wa Kitale ananichezea!” Dada Dinah alinifokea kwa simu. “Akiwa hapa, intaneti inakimbia kama mto Nzoia. Akifika stendi tu, imekufa. Si ni yeye anaizima huko aliko?”

Fundi mwenyewe ni Kiptum, jirani yangu, na mimi ndiye nilimtuma Kanduyi kwa dada, kwa hivyo matusi yalinifikia kwanza. Lakini sikumlaumu dada. Binti yake Roselyne anafundisha watoto hesabu kwa kompyuta pale nyumbani, na tajiri wake alikuwa amesema: ukipotea tena katikati ya somo wiki hii, usirudi.

Dinah ni mtu wa kufuma vitambaa vya kroshia. Kwake hakuna kitu kinasimama uchi. Viti vimevaa, redio imevaa, hata mtungi wa maji una sketi. Mumewe Wabwile akisinzia sebuleni, mimi humwambia aamke kabla naye hajapimwa kitambaa.

Kiptum alikuwa ameshakuja mara mbili, na mara zote akaondoka na chai tu. “Kuku atamla ikipona,” Dinah aliapa. Kwetu Bungoma, mgeni kuondoka bila kuku ni deni, na dada alilijua vizuri.

Nikaenda kujionea. Siku hiyo Kiptum naye akatokea bila taarifa, kuchukua ngazi aliyoisahau. Alikuta Roselyne ameshika kichwa, somo limekatika, na rauta, kile kisanduku cha intaneti, imefunikwa vitambaa viwili vizito kama mtoto mchanga. Akaigusa.

“Mama! Hii inaweza kupika ugali!”

“Usiniletee maneno.”

“Na nikija siku zingine, mbona sioni vitambaa?”

“Ati mgeni anakuja akute vichafu? Ukisema unakuja, navifua vyote. Vinakuwa kwa kamba.”

Nilicheka mpaka Wabwile akaamka.

Kiptum aliivua rauta nguo, akaipepea na gazeti. Ikapoa, taa zake zikarudi. Roselyne akaomba wanafunzi radhi, akamaliza somo, na jioni tajiri akamwandikia aendelee kesho.

Dinah alitoka nyuma, nikasikia kuku akilia.

Mezani, Wabwile alinyoosha mkono kwa firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba. Dinah akamgonga vidole na mwiko.

“Wacha hiyo. Ni ya fundi.”

Kiptum akaila polepole, akimwangalia Wabwile machoni.