Fundi Aliyeuziba Mlango wa Kasa

Mume wangu alikuwa fundi wa nyavu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kuona tundu akaliacha. Chujio langu la chai alilishona mpaka maji yakakataa kupita, kisha akanilaumu kwamba chai imechelewa. Akishika sindano yake, hata nzi walipita mbali wakihofia midomo yao. Mnacheka? Mimi ndiye niliyeolewa naye.

Asubuhi moja nahodha wa boti kubwa akamletea wavu wa kukokota, umechanika ubavuni. Juu yake palikuwa na uwazi mpana kama dirisha.

"Fundi, shona ubavu tu," nahodha akasema. "Huo uwazi usiuguse. Ni mlango wa kasa. Akiingia wavuni, atokee hapo."

"Sawa, sawa."

Nahodha alipogeuka tu, mume wangu akaguna. "Mlango wa kasa! Anaona haya kusema wavu wake umemshinda, anamsingizia kasa."

"Baba watoto, umeambiwa uache."

"Wewe unajua nini kuhusu nyavu?"

"Nyavu sizijui. Kasa nawajua."

Nami nilikuwa nawajua kweli. Nilipokuwa msichana walijaa baharini hata tulivuka ng'ambo kwa kukanyaga migongo yao, na viatu havikulowa. Siku hizi mayai yao yanachimbwa, mifuko ya plastiki wanaimeza wakidhani ni chakula, na waliosalia wananasa nyavuni. Kasa anavuta hewa kama mimi na wewe. Akibanwa chini ya maji, anakufa.

Nikayasema yote hayo. Mzee akaitikia "mm" na "ahaa", huku sindano inakwenda. Jioni mlango ulikuwa umezibwa, na kwa kweli ulizibwa vizuri. Nahodha akaja kuuchukua wavu gizani, hakuukagua.

Siku ya tatu tukaitwa gatini mbio mbio. Kasa mkubwa alikuwa sakafuni mwa boti, amesokotwa wavuni, shingo imelegea.

"Kata mwenyewe!" nahodha akafoka. "Visu vyetu vimeshindwa na mafundo yako!"

"Nikate kazi yangu?"

"Fundi, huyu anakufa!"

Miaka arobaini hakuwahi kukata fundo lake. Alikitazama kisu kama mtu aliyeambiwa ajikate sikio. Kisha akaliona jicho la kasa, na mkono ukaanza kwenda. Alikata haraka kuliko alivyoshona.

Mabaharia wakamwinua kasa upande wa nyuma ili maji yamtoke. Tukangoja. Mume wangu akapiga magoti, akamwambia, "Vuta hewa, mwenzangu. Vuta pole pole." Mimi nimezaa watoto saba, sijawahi kupewa maneno laini namna hiyo.

Hatimaye kasa akapiga chafya. Chafya gani! Kofia ya nahodha iliruka, ikatua juu ya paa la nyumba ya tatu. Wakamfunika kitambaa chenye maji mpaka nguvu zikamrudia, wakamshusha baharini.

Mume wangu akaubeba wavu mpaka nyumbani. Akaukata mlango upya, akaufunga kingo usichanike, kisha akataka kuupima. Akapenyeza kichwa, mabega, halafu kitambi kikakwama.

"Nivute!"

"Nivute nini? Panua mlango."

Akapanua. Akapenya mara tatu, mbele ya majirani, mpaka akapita bila kukwaruzwa. Kesho yake akamkabidhi nahodha wavu wake.

"Kuna kasa wa kunizidi mimi?"

Nahodha akamtazama kiunoni, akauchukua wavu bila kubishana.