Mtani wa Marehemu Smith

Nilimtunza Mzee Smith kwake Croydon, London, mpaka alipofariki. Mwenzangu kazini alikuwa amenieleza kwamba jina Smith maana yake ni mhunzi: zamani kila kijiji cha Uingereza kilikuwa na mfua vyuma wake, na watu wakamwita kwa kazi yake, yeye na wanawe. Mimi, msomi wa darasa la saba, nikaona nimeshaimaliza historia ya Uingereza. Kwetu wahunzi ni watani wetu, na mtani asiyetania msibani huonekana hana mapenzi.

Kwa kawaida mimi hulia kimya kwenye kona. Siku ya mazishi nikavaa kofia ya marehemu, nikakohoa kama yeye, nikajilaza mbele ya jeneza.

"Haondoki huyu! Nani atanifulia jembe?"

Kanisa zima likanigeukia. Nikadhani wamefurahi.

Mjane akaniinamia. "Joseph, una nini?"

"Namtania, mama. Si ukoo wa wahunzi?"

"Baba yake alikuwa mkimbizi kutoka Polandi. Jina hili alilichagua aliposhuka melini, kwa kuwa ni rahisi kuandika." Akanivua kofia taratibu. "Na mume wangu hakujua hata kupiga msumari. Picha zote za nyumbani umezitundika wewe."