Namba Nzuri ya Jagroop

Sukhdei hakuwa bubu, jamani. Pale Hardoi, mji wa India, mteja aliyethubutu kusema maziwa ya nyati wake wa kufugwa yametiwa maji alitimuliwa kwa matusi mpaka mwisho wa uchochoro. Lakini mbele ya Mwalimu Ramsharan, kaka mkubwa wa mumewe, alivuta mtandio usoni akanyamaza, maana kwa mila yao mke wa mdogo hasemi na kaka wa mume. Akitaka jambo, humnong'oneza Kesari, mke wa Mwalimu, naye hulifikisha.

Mwaka ule wa korona, Jagroop mumewe, fundi wa matrekta, alipimwa puani baada ya homa ya wiki nzima. Majibu yakaja na namba ya mizunguko ambayo mashine ilihitaji ili kuviona virusi: thelathini na moja. Namba ikiwa kubwa, virusi ni vichache. Basi Mwalimu, aliyesahihisha mitihani maisha yake yote, akafurahi utadhani mwanafunzi wake kapasi. Akagawa peremende uani!

"Thelathini na moja! Yule wa duka la mbolea kapata kumi na saba na anatembea. Huyu wetu atakufaje?"

Ndani, jioni hiyo, Jagroop alikuwa anahemea mabegani, midomo imegeuka rangi.

"Dada, mwambie atoe gari twende hospitali," Sukhdei alinong'ona.

Kesari akaenda, akarudi. "Anasema namba ni nzuri. Huko hospitali ndiko atakakookota virusi vingi."

Usiku Sukhdei akamwomba tena: "Mwambie hapumui!"

Akaenda tena. "Anasema ni woga tu. Apewe maji ya tangawizi."

Tangawizi! Mtu anakata roho, anapewa tangawizi! Kulipopambazuka Sukhdei hakumtuma mtu. Alitoka kichwa wazi, akamkabili Mwalimu aliyekuwa anapiga mswaki.

"Lete ufunguo wa gari."

"We mwanamke, huna haya?"

"Haya ninayo. Mume ndiye ninayemkosa. Lete ufunguo!"

Hospitalini, daktari aliuliza mbona wamechelewa hivyo. Mwalimu, bila aibu, akamwonyesha namba.

"Mzee, hiyo ni ya puani," daktari alisema. "Virusi hujaa puani siku za mwanzo, halafu hupungua. Wiki ya pili vinaweza kuwa vichache huku mapafu yanaungua, kwa sababu mwili unapigana mpaka unajiumiza wenyewe. Kwa namba hii peke yake huwezi kujua mgonjwa yuko hali gani. Mngemtazama anavyohema!"

Walimwekea oksijeni. Jagroop hakuimaliza siku ile.

Kwenye karamu ya kumaliza matanga, Mwalimu aliketi katikati ya wageni, anakula na kusimulia: "Namba yake ilikuwa safi kabisa. Ni kudra tu."

Sukhdei alikuwa jikoni anakaanga mikate. Aliyasikia hayo. Akatoka na mwiko mkononi.

"Kudra gani? Usimsingizie Mungu! Niliomba gari jioni, niliomba usiku. Ndugu yako alikuwa chumba cha pili, na hukuingia hata mara moja kumtazama. Ulikuwa unaitazama karatasi!"

Wageni wakaacha kutafuna. Mwalimu hakuthubutu kumwangalia, akamgeukia mkewe.

"Kesari, mwambie anyamaze."

Kesari hakunyanyuka.

"Mwambie mwenyewe," alisema.